Fundi akisema "tupulize tu", mwambie asubiri kwanza

Wiki hii maswali karibu yote ni rimu na dashibodi, na sishangai, jua la Dar halina huruma na gari la zamani. Tuanze.

Shikamoo mzee. Nimeachiwa Mercedes W123 na marehemu baba, niko Kigamboni. Rimu zake za aluminiamu zimefubaa na chini ya rangi kuna michirizi myeupe kama minyoo. Fundi anasema anapuliza silva juu, siku moja kaimaliza. Nimkubalie?

Marahaba mwanangu, pole kwa msiba. Usimkubalie. Hiyo minyoo ni kutu ya aluminiamu, kijiwe cha barabarani kilitoboa kilia (ile rangi ya juu isiyo na rangi, inayong'aa), upepo wa bahari ukaingiza chumvi kwenye kile kitobo na sasa inatambaa chini kwa chini. Ukipuliza silva juu yake unaifunika tu, baada ya muda rangi inabanduka kama ganda la kitunguu na hela yako imeenda.

Peleka kwanza kwa fundi tairi azitoe tairi, osha rimu kwa sabuni, kisha toa rangi yote kwa dawa ya kutolea rangi, vaa glavu. Kostiki soda usiguse, inakula aluminiamu yenyewe. Na brashi ya waya wa chuma sitaki kuiona, inaacha vipande vya chuma mle ndani halafu navyo vinaanza kutu yao. Piga msasa 240, halafu 400 na maji, halafu 600, hadi ukipitisha ukucha pale rangi ya zamani ilipoishia usisikie ngazi. Hapo ndo praima ya aluminiamu, silva, na kilia yenye hadina (dawa ya kuigandisha), mikono myepesi myepesi. Na usipulize siku ya mvua za masika, unyevu ukiingia kilia inapauka kama imemwagiwa maziwa.

Kitu ambacho mafundi wengi hawakijali: pale nati zinapokaa paweke tepu, pasipate rangi nene. Rangi ikibonyea nati zinalegea zenyewe. Ukishafunga nenda Kibaha urudi, kisha ukaze tena.

Kaka, nina Peugeot 504, inalala nje Mikocheni. Dashibodi juu imepasuka mara tatu, na kingo zimejikunja kama chapati iliyoungua. Kuna kuokoa hapo au nitafute nyingine?

Kuokoa kupo, ila ujue kwanza umepigwa na nini. Ile ngozi ya juu ni vinili, ndani yake kuna mafuta yanayoifanya iwe laini, na chini kuna sponji. Gari likifungwa juani dashibodi inaweza kupita nyuzi 70, mafuta yanatoka kidogo kidogo. Pitisha kidole kwenye kioo cha mbele kwa ndani, ule utando unaonata, sehemu kubwa ni mafuta ya dashibodi yako. Yakiisha vinili inakauka, inasinyaa, sponji chini haisinyai nayo, basi inapasuka na kingo zinanyanyuka.

Sasa kazi. Toa waya wa betri kabla hujagusa kitu, piga picha kila waya kwa simu, skrubu za kila upande zitie kwenye mfuko wake, maana 504 ukichanganya skrubu utalia. Dashibodi ikishatoka, kata vipande vyote vilivyonyanyuka, usijaribu kuvirudisha kwa gundi, vimeshakuwa vifupi. Nyufa zichimbe ziwe na umbo la V halafu ujaze puti inayonepa, ya plastiki. Ile puti ya bodi ni ngumu, na sponji chini ni laini, jua la mchana wa kwanza tu inapasuka palepale. Ukishasawazisha mpelekee fundi wa siti aivishe vinili mpya, umwambie atumie gundi inayovumilia joto. Gundi ya viatu italegea, na utaona vinili imevimba juu ya spidomita kama andazi.

Kwa vipande vya plastiki ngumu vilivyopinda, joto la polepole na ubao wa kukandamizia, na uuache ubao hadi kipoe kabisa. Mimi cha Datsun yangu nilikiweka juu ya bati Magomeni saa sita mchana, nikakiwekea tofali, nikaenda kula wali. Narudi, kimenyooka kweli, lakini kimebeba alama ya tofali mpaka leo.

Yale mafuta ya kung'arisha dashibodi yanasaidia?

Yanang'arisha. Ufa hayazibi, na mengi yana silikoni, siku ukitaka kupiga rangi itagoma kushika. Nunua kava ya kioo cha mbele, ya kuzuia jua.

Mambo, mimi dada wa Tabata mwenye Beetle. Wilikapu za kromu zina kutu, jirani ananiambia nitumie dawa ya choo. Pia nimeona rimu nzuri Gerezani, zitaingia?

Poa dada. Dawa ya choo ni asidi, itatoa kutu na kromu pamoja. Chukua foili ya jikoni, ikunje kidonge, ichovye maji, sugua taratibu, kutu nyepesi inatoka. Palipochimbika hapatarudi.

Rimu, hesabu nati kwanza. Beetle za zamani zina nati tano kwenye duara (linalopita katikati ya nati) lenye upana wa milimita 205, za kuanzia mwisho wa miaka ya 60 nyingi zina nne kwenye 130. Beba rula, usimwamini muuzaji anayesema "inaingia hiyo". Na kama rimu zinauzwa na tairi zake, angalia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3512 maana yake wiki ya 35, mwaka 2012. Hizo zimezeeka, mwachie mwenyewe, hata kama kashata (meno ya tairi) bado zimejaa.