Ekstensheni inanuka: mtungi baadaye, fundi kwanza

Dada wa Malindi, umeuliza ununue mtungi gani wa kuzimia moto, maana ekstensheni yako inapata moto na kunuka ukitia pasi na birika pamoja. Mtungi nitaufikia. Hiyo ekstensheni ichomoe leo hii, usiitie tena.

Hesabu yake ni hii: pasi ya wati 1500 na birika la wati 2000 ni wati 3500. Kwa volti 230 inakuwa kama ampea 15, na plagi yetu ya pini tatu mwisho wake ni 13. Tena nyumba zetu za mji mkongwe zina boriti kavu za miaka, na hewa ya chumvi inakula shaba ndani ya soketi. Mwite fundi aifungue hiyo soketi. Akikwambia aweke breka (ile swichi inayokata umeme ukizidi) kubwa zaidi ili isikatike, mtafute mwengine. Waya ule ule utaungua kimya kimya.

Mtungi chukua wa poda kavu, mshale wa geji yake ya presha uwe kwenye kijani, uuweke karibu na mlango, si nyuma ya jiko. Moto wa umeme usiumwagie maji. Zima swichi kuu kwanza.