AutoCAD ya mtandao shuleni: asubuhi inafunguka, umeme ukikatika inagoma

Mwalimu wa Makambako, pole na majukumu. Umesema leseni ya mtandao ya AutoCAD, programu ya kuchora ramani na michoro ya kiufundi, mmeipata, darasa linachora vizuri, ila umeme ukikatika na kurudi maabara nzima inagoma, na fundi anataka apige Windows upya kila mashine. Mzuie kwanza. Nahudumia maabara za namna hiyo hapa Mbeya, na tatizo kama lako mara nyingi liko kwenye mashine moja tu: ile inayogawa leseni, yaani seva.

Leseni ya aina hii haikai kwenye kompyuta ya mwanafunzi. Ni faili dogo la maandishi lililo kwenye seva. Lifungue kwa Notepad, utaona mstari unaoanza na SERVER, ukifuatiwa na jina la mashine, halafu herufi na tarakimu 12, ambazo ni anwani ya kadi ya mtandao. Jina unaweza kulirekebisha kwa mkono. Anwani ya kadi usiiguse, ukibadilisha hata herufi moja faili linakataliwa. Sasa tazama shule nyingi zinavyofanya: faili linaombwa kwa kutumia laptop ya mwalimu wa TEHAMA, tena kwa anwani ya Wi-Fi. Mwalimu akienda semina Iringa, na leseni imeenda semina.

Kwa hiyo seva iwe kompyuta ya mezani ambayo haina mtu wa kuihamisha. Hata kuukuu inafaa, maana kazi yake ni kujibu tu kama nafasi ipo au imeisha. Iunganishe kwa waya, ipe anwani ya IP (namba yake ndani ya mtandao) ya kudumu, iwekee UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika. Na swichi ya mtandao, inayounganisha nyaya za kompyuta, nayo iingie kwenye UPS hiyohiyo, watu husahau hapo. Bando halihitajiki kila siku. Ukishapata faili, mazungumzo yote yanaishia ndani ya nyaya za shule.

Turudi kwenye umeme wako. Fungua LMTOOLS, programu ya kusimamia leseni, kwenye seva, nenda sehemu ya kusanidi huduma, hakikisha "Use Services" na "Start Server at Power Up" zote zina tiki. Bila hiyo ya pili, mashine itawaka lakini huduma ya leseni itabaki imelala mpaka mtu aiamshe. Halafu ingia kwenye BIOS, mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, uiagize mashine ijiwashe yenyewe umeme unaporudi.

Hivyo vikiwa sawa na bado inagoma, angalia saa ya seva kabla ya kitu kingine. Kuna maabara moja upande wa Uyole ilisumbua masika yote, kila mtu akilaumu programu. Umeme ukikatika, seva inaamka ikiwa na tarehe ya miaka mingi nyuma, na kwa kuwa haina intaneti hakuna wa kuirekebisha. Leseni ya mwaka huu inaonekana haijaanza kufanya kazi! Kilichokufa ni kibetri cha kwenye ubao mama, CR2032, kile bapa cha mviringo. Hapa Mbeya, Mwanjelwa kinapatikana kwa bei ndogo. Ukishakibadilisha, rekebisha tarehe, kisha zima na uwashe huduma ya leseni.

Usifunge ujumbe wa hitilafu bila kusoma namba yake, fundi wengi wana haraka hiyo. -31 ni leseni ambayo tarehe yake ya kuanza haijafika, -88 ni saa iliyorudishwa nyuma, yaani zote mbili zinakupeleka kwenye kibetri. -9 maana yake kadi ya mtandao siyo iliyoandikwa kwenye faili. -10, muda umeisha. -15 ni kwamba kompyuta ya mwanafunzi haiifikii seva: kagua waya, kagua kwenye mipangilio ya Windows ya kompyuta hiyo kigezo (environment variable) cha ADSKFLEX_LICENSE_FILE kama kina alama ya @ na jina sahihi la seva, kisha fungua poti (milango ya mawasiliano) 2080 na 27000 hadi 27009 kwenye faiwoli, yaani kinga ya mtandao, ya seva. -4 siyo ubovu. Nafasi zimejaa, kwa sababu wanaohesabiwa ni waliofungua programu, siyo kompyuta zilizowekewa. Kuna mtu kaenda kunywa chai kaacha AutoCAD wazi, na LMTOOLS itakuonyesha yuko mashine ipi.

Leseni ya elimu ya Autodesk, kampuni inayotengeneza AutoCAD, ni ya mwaka mmoja, halafu unaomba upya. Omba wakati wa likizo ya Desemba, isije ikakatika katikati ya mitihani ya vitendo. Na ramani za nyumba za wateja wa mtaani zisichorwe humo, masharti yake hayaruhusu kazi ya kulipwa.

Ukikwama, bandika hapa mistari ya mwisho ya faili la kumbukumbu la seva. Futa kwanza jina la shule na anwani ya kadi.