Koti la ngozi ya kondoo, ninunue au niache?

Dada pole na baridi ya Minneapolis. Umesema umeona koti la mtumba la ngozi ya kondoo, sufu ndani, bei poa, ila rumeti wako anakwambia kuvaa mnyama ni ukatili. Mimi ningelinunua. Kondoo kwa kawaida anachinjwa kwa ajili ya nyama, ngozi inafuatia tu, na sisi tuliokulia kwenye mishkaki ya Idd tukianza kuikimbia ngozi tutakuwa tunajidanganya. Manyoya ya minki, kale kamnyama kadogo kama nguchiro, ndo sivai hata nipewe bure, yule anafugwa kwenye kakizimba maisha yake yote kwa ajili ya koti tu basi. Hata California walivyopiga marufuku kuuza manyoya mapya kuanzia 2023 ngozi ya kondoo waliiacha, na mitumba pia.

Ila usije ukauziwa plastiki, we panua yale manyoya kwa vidole uangalie shinani, ukiona kitambaa kimefumwa ujue feki, ya kweli yanaota kwenye ngozi yenyewe, halafu minya mgongoni na kwapani, ngozi ikilia kama karatasi kavu achana nayo itachanika. Likilowa theluji litundike mbali na hita, langu la kwanza nililianika juu ya hita usiku mmoja tu asubuhi limekakamaa kama ngozi ya ngoma.

Rumeti mwambie umemsikia, ye avae lake la nailoni, mbona hamuazimani.