Kinoleo cha kibano kwa visu vya nyumbani: kwa nini nyanya bado inapondeka

Dada, umeuliza mambo mawili: kama kinoleo chenye kibano na fimbo (kibano hushika kisu, fimbo huongoza jiwe kwa pembe ileile) kinastahili pesa kwa visu vya kawaida vya jikoni, na kwa nini ulichoazima kwa jirani kimekusuguza jioni nzima huku nyanya bado inapondeka badala ya kukatika. Mimi napika kwenye kwanjula (sherehe za utambulisho kabla ya ndoa) na harusi hapa Kampala na pembezoni, visu vya kazi navinoa mwenyewe nyumbani kwa kinoleo cha aina hiyo. Naanza na swali la pili, maana ndilo linalowafanya watu wakitupe kabatini.

Karibu kila mara tatizo ni kuhama jiwe mapema. Mawe yana namba kama msasa: namba ndogo hula chuma, kubwa hulainisha. Mtu anapitisha jiwe la 120 mara chache kila upande, anaona chuma kinang'aa, anarukia la 320, halafu la 600, halafu la 1000. Lakini kung'aa si kukata. Makali ni pale pande mbili za chuma zinapokutana, na kwenye kisu butu hapo pamelika pakawa duara. Jiwe la kwanza lisipoliondoa duara lote, mawe yanayofuata yanang'arisha ubutu tu.

Utajuaje kwamba limefika? Noa upande mmoja bila kugeuza. Jiwe likifika kwenye makali yenyewe, chuma chembamba kabisa hujikunja na kuchungulia upande wa pili. Weka dole gumba kwenye mgongo wa kisu upande huo wa pili, lipitishe taratibu kuelekea nje, kukatisha makali, usilitembeze kamwe kwa kufuata urefu wake. Utahisi kitu kama kikwaruzo kidogo kinachokamata ngozi. Kidole kikikupa shaka, pitisha pamba: itanasa pale penye mkunjo na kuteleza pasipo nao. Huo mkunjo lazima uwepo kuanzia karibu na mpini hadi nchani. Sehemu ambayo haina, hata ikiwa sentimita mbili tu, haitakata, hata ukimalizia na jiwe la namba 3000. Ukiupata wote, geuza kisu, uutafute upande wa kwanza. Hapo ndipo unaruhusiwa kubadilisha jiwe. Kwa kisu kilichochoka, jiwe la kwanza linaweza kula muda mrefu kuliko mengine yote yakijumlishwa, na ndivyo inavyotakiwa. Usikandamize ili kuharakisha, hasa kama mawe yako ni ya almasi, kwa sababu chembe za almasi hung'oka na jiwe likabaki kipara.

Kitu cha pili ni maka peni. Paka rangi kwenye mteremko wa makali pande zote mbili kabla ya kuanza, pitisha jiwe mara mbili tatu, tazama karibu na dirisha. Rangi ikitoka juu, upande wa mgongo, na kubaki kwenye makali yenyewe, fimbo iko chini mno. Ikitoka kwenye makali tu na kubaki juu, umeiinua mno. Rekebisha mpaka itoke yote. Namba ya nyuzi, yaani digrii za pembe ya kunolea, iliyochorwa kwenye kifaa isikutie moyo sana, maana inategemea kisu kimejitokeza kiasi gani nje ya kibano. Kisu kipana hupeleka makali mbali na egemeo la fimbo, kwa hiyo nyuzi halisi zinakuwa chache kuliko zinavyosomeka. Vivyo hivyo kwa kisu kirefu: ncha iko mbali kuliko katikati. Ukimaliza siku ya kwanza, weka alama ndogo kwenye ubapa, pale kibano kiliposhika, ili safari ijayo ukibane palepale. Bila alama hiyo kila unoaji unakuwa kazi mpya.

Nyuzi zenyewe: visu vingi tunavyonunua soko la Owino au madukani ni chuma laini kisichoshika kutu. Vipe nyuzi 20 kila upande. Cha kupasulia kuku na kugusana na mifupa, 25. Kile kifupi cha kumenyea matoke kinaweza kushuka mpaka 17 kwa sababu hakigongi kitu kigumu, ila ubapa wake ni mwembamba na hupinda ukisukuma, kwa hiyo kibane karibu na makali na mkono uwe mwepesi kabisa. Chuma laini kina ukaidi wake: mkunjo haukatiki wenyewe, unalala huku, unalala kule. Mwishoni pitisha jiwe mara moja upande huu, mara moja ule, ukipunguza uzito wa mkono kila mara, kisha vuta kisu kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi. Kwa visu hivi mimi naishia namba 600 au 1000. Makali yenye mikwaruzo midogo hushika ngozi ya nyanya na nyama vizuri zaidi kuliko yaliyong'arishwa kama kioo.

Kuhusu matoke, jambo moja ambalo wamenyaji wetu wanalijua vizuri: utomvu. Hukauka kwenye makali ukawa gundi nyeusi, na kisu kinaonekana butu kumbe kimefunikwa. Pakaza mafuta ya kupikia kwenye kisu kabla ya kumenya, ufute katikati ya kazi. Na usikatie kitu kwenye sinia la bati au sahani. Ubao wa mti tu.

Panga usilipeleke kwenye kinoleo hiki, kibano hakiliwezi. Lifunge vizuri, tumia tupa. Visu vilivyofuliwa kwa mkono pia vinasumbua, kwa kuwa unene haulingani na kibano kinavishika upande. Na wale wanaonoa kwa jiwe la mota, ninachowaogopea ni moto: ukiona makali yamegeuka buluu, hapo chuma kimelegea, na utanoa kila siku mpaka sehemu hiyo iishe.

Sasa la kununua. Kama una visu viwili unavyonoa mara chache kwa mwaka, jiwe la kawaida la pande mbili litakutosha ukiwa na subira ya kujifunza kushika nyuzi kwa mkono. Kama visu ni vingi, au kila jaribio la mkono linatoka mviringo, nunua cha kibano bila wasiwasi. Dukani usitazame wingi wa mawe kwanza. Bana kisu, shika ncha, itikise. Kisu kikicheza kwenye kibano, au fimbo ikilegea kwenye tundu lake, nyuzi zitabadilika kila unapovuta jiwe, kwa hiyo kiache hapo. Kikishika imara, hata kama kina mawe matatu tu, ni cha kuchukua.