Jibu kwa mwenye Altezza: siku yangu ya kwanza kwenye mbio za dragi za braketi

Ndugu yangu, umeuliza kama Altezza yako ya otomatiki, ambayo injini yake haijaguswa, inafaa kupelekwa kwenye mbio za dragi za braketi ulizoalikwa, yaani mbio fupi za magari mawili mawili kwenye njia iliyonyooka, au kama ni heri kwanza utafute fundi aiongezee nguvu. Ipeleke kama ilivyo. Mimi nilianza na gari la aina hiyo hiyo hapa Arusha, na kilichonitoa mashindanoni siku ile ni kwamba gari langu lilikwenda kasi kuliko nilivyosema litakwenda.

Katika mbio hizi kila dereva hutangaza mapema muda anaoamini gari lake litatumia kutoka mstari wa kuanzia hadi wa kumalizia, na namba hiyo huandikwa kwenye kioo ili waamuzi waione. Gari la polepole huruhusiwa kuondoka kwanza kwa tofauti ya namba hizo mbili. Vitz iliyotangaza sekunde 12.90 ikipangwa na Altezza iliyotangaza 10.80, Vitz huwashiwa taa ya kijani sekunde 2.10 mapema, ili kila mmoja akitimiza alichokiandika wafike pamoja. Anayetangulia kufika ndiye mshindi, isipokuwa akikimbia kwa muda mfupi kuliko aliotangaza: huyo amevunja muda wake na ameshindwa, hata kama amemwacha mwenzake nyuma kabisa. Wote wawili wakivunja, hushinda aliyevunja kwa kiasi kidogo zaidi.

Siku yangu ya kwanza tulikimbia mita 201, yaani moja ya nane ya maili. Saa sita mchana, jua likiwa kali, nilipewa mizunguko mitatu ya mazoezi, na karatasi za muda zikasoma 10.86, 10.83 na 10.85. Nikachukua kiwi nyeupe ya maji, ile ya kupaka raba, nikaandika 10.80 kwenye kioo, nikiamini nimejiachia nafasi ya kutosha. Halafu nikafanya kosa ambalo nakuomba usilirudie: jirani yangu pale tulipoegesha alinishauri nipunguze uzito, nami nikashusha tairi la akiba, jeki na spana zote, bila kuibadilisha namba niliyoiandika.

Tuliitwa mstarini saa kumi jioni. Wingu lilikuwa limeshuka kutoka Mlima Meru na upepo umepoa. Nilipangwa na dada mmoja aliyetoka Moshi na Vitz ya familia, ambaye kiti cha mtoto alikuwa amekishusha asubuhi kabla ya zoezi lake la kwanza. Nilimpita karibu na mwisho, nikafika mbele, lakini taa ya ushindi ikawaka upande wake. Karatasi yangu ilisoma 10.74, yake 12.93, kwa namba ya 12.90. Baadaye alinionyesha daftari dogo la shule ambamo kila mbio ilikuwa na mstari wake: saa, hali ya hewa, mafuta yaliyomo kwenye tangi, upepo wa tairi na muda. Akaniambia, “Kaka, gari uliloliandikia namba mchana silo ulilolileta hapa jioni.” Nilinunua daftari wiki hiyo hiyo na ninalo hadi leo.

Hewa ya baridi ni nzito zaidi, kwa hiyo injini hupata oksijeni nyingi na gari hukimbia vizuri zaidi jioni kuliko mchana. Mwinuko nao hubadilisha hewa: kadiri unavyopanda juu, ndivyo inavyokuwa nyepesi na gari kupungukiwa nguvu. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, na Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, wakati Moshi iko chini zaidi. Basi usiichukue namba ya Altezza iliyokimbia pwani, au hata Moshi, ukaiandika kwenye kioo chako hapa. Andika ile iliyotoka kwenye gari lako, mahali pale pale, siku ile ile.

Sasa kuhusu taa, ambazo najua ndizo zinazokutia hofu. Katikati ya njia mbili kuna nguzo. Taa ndogo za juu hukuongoza kusimama: ya kwanza huwaka tairi za mbele zikiwa zimebakiza takriban sentimita 18, na ya pili zinapoufikia mwali wa mstari wenyewe, yaani mwanga unaokatiza njia na kuhisi tairi. Achia breki kidogo kidogo, simama mara tu ya pili inapowaka, na usimame hivyo kila mara, kwa kuwa ukisogea zaidi muda wako hubadilika. Kisha taa tatu za njano huwaka kwa kupishana nusu sekunde, na kijani hufuata nusu sekunde baada ya ile ya mwisho. Mazoezini nilisubiri kijani, nikachelewa sekunde 0.58. Ondoka unapoiona njano ya tatu; macho, mguu na gari lenyewe vitakula nusu sekunde iliyobaki. Ukiwahi mno utawashiwa nyekundu, na mbio zako zitaishia hapo.

Saa ya gari huanza kuhesabu tairi zinapoondoka kwenye mwali, kwa hiyo kuchelewa kwako hakuonekani katika muda wa gari, lakini mwenzako hufaidika nako. Tuseme umechelewa kuondoka kwa sekunde 0.20 na gari lako limepita muda uliotangaza kwa 0.05, jumla 0.25, mwenzako amechelewa 0.10 na gari lake limepita muda wake kwa 0.12, jumla 0.22. Yeye ndiye mshindi, ingawa wewe ndiye uliyeijua namba yako vizuri zaidi. Ndiyo maana nakusihi ufanyie mazoezi macho na mguu kuliko injini, na tafadhali usiyafanyie kwenye barabara ya mchepuo usiku. Wally Parks na wenzake waliunda NHRA, chama cha mbio za dragi, huko Marekani mwaka 1951 ili vijana wapate viwanja na waache kushindana barabarani, na sisi tumeshazika vijana wa kutosha.

Kwa vitu vya kubeba: helmeti, suruali ndefu, viatu vya kufunika mguu, na betri iliyofungwa imara. Toa mizigo ya buti kabla ya zoezi la kwanza, zima AC isidondoshe maji njiani, na kwa kuwa tairi zako ni za kawaida, uzunguke, usipite, pale penye maji ambapo wenye tairi laini za mashindano huziloweka kabla ya kukimbia.

Ukishapata karatasi tatu za mazoezi, zipige picha uziweke hapa pamoja na saa ya kila mbio na kiasi cha mafuta, tukae nawe tuipange namba ya kuandika.