Muulize Bibi Mkunga: Mtoto wa Dawa na Sindano ya Miezi Tisa

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina mtoto wa kiume wa miezi minane. Nilihangaika miaka mingi kumpata, na aliyenisaidia ni babu mmoja wa tiba asili. Sindano za wiki ya 6 na ya 10 zilipita salama. Ya wiki ya 14 paja likavimba, homa ikakesha naye. Nikampeleka kwa babu, akamkanda, akapoa. Sasa babu anasema mtoto wa dawa hachomwi sindano, ataharibika, na mwezi ujao ni zamu ya surua. Mume wangu anataka tumsikilize babu. Nesi nikimweleza atanifokea. Nifanyeje? – Mama Mwana, Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo la kufoka nalipokea mwenyewe, maana nimevaa sare nyeupe miaka 31 na nimefoka sana. Mtoto akija na hirizi kiunoni tulikuwa tunaikata kwa mkasi hata jina hatujauliza. Mama yule akitoka hapo, pengine humwoni tena kliniki. Kwa hiyo babu yako sitamtukana.

Ila tazama anapokaa yeye. Mganga huletewa nani? Huletewa aliyevimba paja na aliyechemka homa. Wale waliochomwa wakaenda zao kulala, hakuna anayewapeleka kilingeni kuwaonyesha. Ukiketi pale miaka ishirini, hata wewe utaichukia sindano. Halafu kuna degedege. Huku kwetu tumekua tukiambiwa mtoto wa degedege ukimchoma anakufa. Na kweli walikufa mikononi mwetu, kwa kuwa waliletwa malaria imeshapanda kichwani, na sindano ndiyo ikawa kitu cha mwisho watu walichokiona.

Wala waganga hawasemi kwa kinywa kimoja. Mtaani kwangu wako wawili. Mmoja, ukitaja chanjo, anakutolea simu uone video ya watu waliotolewa uzazi. Wa pili, wajukuu zake wote wana kovu begani, na kadi zao za kliniki anazitunza ndani ya mkebe uleule wa mizizi. Nilimuuliza sababu, akacheka. Kazi yake, alisema, ni aliyekwisha kuugua. Kwa nini angoje surua iingie ndani ndipo aanze kuchimba dawa?

Na hata neno chanjo limetoka kwao. Nani alikuwa akichanja watu chale na kusugulia dawa kwenye damu kabla sisi hatujaja na mabomba yetu? Ndui ilipoingia Boston, Marekani, mwaka 1721, walioanza kuchanja watu kule walikuwa wameipata habari hiyo kwa Mwafrika mtumwa aitwaye Onesimus. Alimsimulia bwana wake kwamba kwao alichanjwa mkono, akatiwa usaha kidogo wa mgonjwa wa ndui, na ndui haikumpata tena. Babu akikuambia chanjo ni kitu cha wageni, mkumbushe hilo, kwa adabu.

Sasa surua. Nilianza kazi wakati surua ikiwa na wodi yake. Mtoto alikuwa hanyonyi kwa vidonda vya mdomo, kope zimegandana, unazifungua kwa pamba na maji ya chumvi, ukikuta kioo cha jicho kimeshaingia ukungu unajua hapo ndiyo basi. Mgonjwa mmoja aweza kuwaambukiza hata 12 hadi 18 wasio na kinga. Jicho lile hakuna jani linalolirudisha, na mganga mkweli atakuambia hivyo.

Mpeleke akitimiza miezi 9, na umrudishe akiwa na 18, kwa maana ya kwanza peke yake haishiki kwa watoto wote. Nenda asubuhi siku ya chanjo. Kichupa kimoja ni cha watoto kadhaa, na kikishachanganywa hakidumu zaidi ya muda wa saa sita, ndiyo maana nesi wakati mwingine husubiri watoto wafike kadhaa, wala si uvivu. Mweleze ya lile paja wazi. Kuvimba kidogo na homa ya siku moja au mbili ni kawaida. Kama alipatwa na kifafa, alivimba uso au alishindwa kupumua, hilo alijue kabla hajachoma. Jambo moja mama wengi hawaambiwi: homa ya chanjo ya surua haiji usiku ule, huja baada ya wiki moja hivi, pengine na vipele vidogo. Usije ukasema babu alitabiri.

Kwa babu nenda na mume wako, mkamshukuru. Muulize pia kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Sheria hiyo ipo tangu 2002. Akikanda, asipake kitu palipochomwa, na mtoto asinyweshwe dawa ya mizizi. Ini lake bado changa.

SWALI: Bibi, hapa Dar daktari wa homeopathi ananiuzia vidonge vitamu vya kumpa mtoto badala ya chanjo. Vinafaa? – Baba Wawili

JIBU: Havifai. Homeopathi ni tiba ya dawa iliyozimuliwa mno, hata kwenye vidonge sukari ndiyo iliyobaki. Samuel Hahnemann, Mjerumani aliyeanzisha tiba hiyo, mwenyewe aliisifu chanjo ya ndui ya Jenner, yule daktari Mwingereza aliyeianzisha, na chama cha madaktari wa homeopathi cha Uingereza kinawaambia watu wachanje kama kawaida. Huyo wako kamfuata nani? Chanjo za watoto kliniki ya serikali ni bure, baba. Hela ya vidonge nunua mayai.