Mawingu ya mchana kisiwani, uanze kupanda mlima saa ngapi?

Umeuliza mbona asubuhi kisiwani kweupe ila mchana mlima unazibwa na mawingu wakati baharini hamna kitu. Ndugu yangu, anza kupanda alfajiri. Jua likishapanda nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, hewa inapaa, upepo wa bahari unaingia na unyevu wake, ikifika juu inapoa ndo unaona vile viwingu kama pamba, kufikia saa nane vishakuwa vyeusi kwa chini. Na cheki upepo unatokea wapi, upande unaopigwa na upepo ndo unakula mvua: kule Hawaii mlima Waialeale unapata zaidi ya milimita 9,000 kwa mwaka, pwani ya upande wa pili pakavu. Radi ikinguruma shuka, usingoje.